Tulivyompeleka Bi Harusi Gasorwe

Asha ameniuliza kama ni kweli nimeolewa Muyinga. Joeli ameniuliza kama ni kweli nilipokewa Gasorwe kwa majembe. Wengine mmetuma alama za kuuliza tu, bila hata salamu. Ndugu zangu wa Morogoro, sikuolewa. Majembe yalikuwepo, ila hayakunigusa. Nimekawia wiki tatu kuwaandikia kwa sababu nilikuwa nangoja habari moja, na sikutaka kusimulia kisa nisichojua mwisho wake. Habari hiyo imefika leo asubuhi, basi kaeni niwaeleze.

Kwa wale mlioajiriwa nilipokwisha kuondoka: mimi ni Spesioza, niliyekuwa nafundisha ikolojia ya ardhi oevu kwenye kile chumba kinachovuja. Nilizaliwa Gasorwe, mkoani Muyinga, nikavushwa mpaka wa Tanzania mgongoni mwa mama, nikakulia kambini Ngara. Darasani tulikuwa wengi kuliko madaftari, kwa hiyo hesabu nilijifunzia bwawani, kwa kuhesabu ndege wakati foleni ya maji inasogea. Kutoka bwawa lile hadi shahada ya uzamivu ni njia moja tu, ingawa ndefu. Amani ilipotulia nilirudi na mume wangu Deo, na sasa nafundisha Gitega.

Vibali, barua na mihuri nitaviruka. Mnavijua.

Yoba

Mtaani Yoba, ukuta kwa ukuta na sisi, anakaa Mzee Idi, fundi cherehani, mjane, mtu wa miaka sabini na kitu. Wiki yangu ya kwanza pale niliamshwa na sauti niliyoijua, nikadhani naota. Nilichungulia juu ya ukuta nikamwona korongo taji, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye shada la manyoya ya dhahabu kichwani, ambaye Warundi humwita umusambi. Alikuwa akitembea kati ya kuku na vipande vya vitambaa kama mwenye nyumba.

Marehemu mke wa Mzee Idi ndiye aliyemnunua angali kinda, kwa mtu aliyepita njiani na kikapu. Akamwita Bi Harusi kwa sababu ya lile taji. Tangu hapo miaka kumi na moja ilikuwa imepita, na kila mwaka mzee alimpunguza manyoya ya bawa kwa mkasi ule ule wa kukatia suruali.

"Mwanangu, huyu hajui kuruka," aliniambia.

"Hajui kwa sababu ya mkasi wako, mzee."

Alininunia siku tatu. Siku ya nne alikuja mlangoni, kofia mkononi. "Mkasi nimeuacha," akasema. "Lakini akienda, mi naenda naye. Siwezi kumtoa kama gunia."

Ilichukua zaidi ya mwaka. Manyoya yaliota, Bi Harusi akajifunza kupiga mabawa ndani ya wigo nyuma ya maabara, daktari wa mifugo akampima akamkuta mzima. Nami nikachagua bonde. Kitaalamu lilifaa: lina maji mwaka mzima, lina mafunjo, na makorongo wanne wa porini bado walikuwa wanaonekana pale. Lakini nisiwadanganye. Bonde hilo liko chini ya kilima nilichozaliwa, na tangu nirudi Burundi sikuwa nimethubutu kukikanyaga.

Mzee Idi alishona kitambaa cha ndani kwa ajili ya tenga refu la matete, ili ndege asimame bila kujikwaruza. Alishona na pindo. Nilimuuliza pindo la nini. "Iko ndani ya tenga, sawa," alisema, "lakini mi najua iko."

Foleni ya Gitega

Gitega hadi Muyinga ni safari ya asubuhi moja. Sisi ilituchukua siku tatu, na siku ya kwanza hatukutoka mjini.

Dereva wetu, Bosko, ana pikapu ya zamani anayoisifu kama mke. Alitufuata saa kumi na mbili asubuhi, akatupakia, akatupeleka moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta, ambako foleni ilikuwa imezunguka nyumba mbili na shule.

"Esansi iko inakuja leo, Dokta," alinihakikishia. "Kuna mtu ameniambia."

Mtu huyo alikuwa ameambiwa na mwingine. Tulikaa. Saa nne tulimtoa Bi Harusi kwenye tenga akae kivulini, nimemfunga kamba laini mguuni, na madereva wakaja kumtazama. Mmoja aliwasha redio ya gari, na ndege, wallahi, akaanza kucheza: akainama, akaruka juu, akafungua mabawa. Watu waliokuwa wakigombana kuhusu nani alitangulia foleni waliacha ugomvi. Kuna aliyeniuliza nyama yake ikoje. Mzee Idi alimtazama mpaka akarudi mwenyewe kwenye gari lake.

Tulikula mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, mchana na jioni, kwa mama mmoja aliyehamishia jiko lake pale kwa ajili ya foleni. Alasiri Mzee Idi alimpigia dada yake, Bi Mwajuma, ambaye tungelala kwake Muyinga. Mtandao ulikuwa unakatika. Nilisikia upande mmoja tu: "Ndiyo, tunakuja... mi na Dokta... tunamleta Bi Harusi... Bi Harusi! Ndiyo! ... Allo? Allo?"

Akaiweka simu mfukoni. "Amefurahi sana," aliniambia. "Alipiga kelele."

Kumbukeni hapo.

Barabara ya Karuzi

Mafuta yalifika kesho yake mchana, tukapewa nusu ya tulichohitaji. Bosko alisema nusu inatosha ukijua kuendesha kwenye miteremko. Alizima injini kila kilima tulichoshuka, na mimi nilisali kila kilima alichoizima. Giza lilitukuta Karuzi, tukalala kwenye nyumba ya wageni ya parokia, ndege akapewa chumba cha kuhifadhia viazi.

Asubuhi ya tatu, baada ya kupita Karuzi, pikapu ilipanda kilima kimoja, ikakohoa, ikasimama.

"Dokta, imekwisha."

"Nini imekwisha?"

"Yote."

Tulisimama kando ya barabara saa mbili nzima. Wanawake waliokuwa wakipeleka maharage sokoni walitua mizigo kutusaidia kusikitika. Hatimaye likaja lori lililobeba kreti za chupa tupu. Dereva alikubali kutuchukua: watu wawili mbele, ndege juu ya kreti. Nilikataa. Ndege mwenye miguu mirefu namna ile akiyumba peke yake huvunjika. Nikasema nitakaa naye juu.

"Na mi," akasema Mzee Idi.

"Mzee, una miaka sabini."

"Na weye una mume. Nani atamweleza ukianguka?"

Basi mhadhiri wenu alipanda juu ya kreti pamoja na fundi cherehani, tenga likiwa katikati yetu, chupa zikilia chini yetu kama meno ya mtu mwenye homa. Bosko alibaki na pikapu yake. (Alifika kwake salama baada ya siku mbili, msiwe na wasiwasi.) Manyunyu yalianza. Mzee Idi alivua koti lake, nikadhani anataka kujifunika kichwa, kumbe analitandaza juu ya tenga. Akabaki na shati lililomganda mgongoni, akiimba taratibu ili ndege asikie sauti anayoijua. Mimi nilishika kamba kwa mkono mmoja na mkono wake kwa mwingine, nikamwomba Mungu asinifanye niwe mtu aliyemuua mzee wa watu kwa ajili ya ndege.

Muyinga

Tulishuka Muyinga saa kumi jioni, tumelowa, nywele zangu zimejaa matawi. Tukapanda kichochoro kuelekea kwa Bi Mwajuma, nami nikitangulia, kwa kuwa Mzee Idi na kijana wa mkokoteni walikuwa wanakwenda polepole na tenga.

Nilipofika getini, vigelegele vilipasuka. Uani palikuwa na turubai. Wanawake kama ishirini wamevaa kanga sare. Mmoja mnene mwenye macho ya Mzee Idi alinikumbatia na matope yangu yote, akanivisha kanga mabegani, akanikalisha kwenye kiti chenye mto mwekundu.

Nilidhani ni ukarimu. Kwetu kambini mgeni alipewa maji, lakini nikajiambia labda watu wa mjini huzidisha. Nikaletewa chai ya tangawizi, chapati, kisha sinia la pilau ambalo hata sasa nikilikumbuka natulia. Walikuwa wakiniita wifi. Nikajisemea, Kiswahili cha hapa.

Bi Mwajuma alisogeza kiti chake, akaninong'oneza. "Wifi, kaka yangu anakoroma. Bora ujue mapema. Lakini ni mtu muzuri, haachi sala, na mkono wake hauko mzito."

Nilirudisha tonge siniani. "Mama, mi nina mume."

Bi Mwajuma alirudisha kiti chake nyuma. "Mume," akasema. "Na yeye anajua uko hapa?"

"Anajua. Ndiye aliyenipakia gari."

Sijui yangefika wapi kama Mzee Idi hangeingia wakati ule na tenga lake. Vigelegele vikaanza tena upande wa getini, vikapungua, vikafa. Alitazama turubai, akatazama kanga sare, akanitazama mimi kwenye mto mwekundu. Nikamwona akirudia kichwani ile simu ya kwenye foleni.

"Mwajuma," akasema polepole, "Bi Harusi iko ndani ya tenga."

Akafunua kitambaa. Shingo ndefu ikatoka, taji likafunguka, na Bi Harusi akawatazama wageni wake mmoja mmoja.

Sijapata kusikia watu wakicheka namna ile. Bi Mwajuma alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Shehe wa mtaa, aliyekuwa ameombwa akae tayari, alifika akaelezwa, akamzunguka ndege mara moja, akasema, "Mashallah, mahari yake ni mahindi," akaketi kula. Chakula kilikuwa kimeshapikwa, hakuna aliyeona sababu ya kukiacha. Nimewahi kuhudhuria harusi zenye maharusi wawili zisizokuwa na furaha kama ile.

Mzee Idi peke yake hakucheka sana. Nilimkuta nyuma ya nyumba akimpa ndege maji. "Marehemu angecheka," akasema.

Gasorwe

Makorongo huachiwa asubuhi, ili wawe na mchana mzima wa kuzoea. Tuliondoka Muyinga alfajiri kwa pikipiki mbili, kisha tukashuka barabarani tukaanza kutembea. Mama alikuwa amenisimulia njia ile mara nyingi, lakini masimulizi yake yalikuwa na migomba mikubwa na vilima virefu. Migomba ilikuwa ya kawaida. Kilima nilikipanda bila kuhema.

Juu yake watu walikuwa wanatungoja. Walikuwa kama thelathini, wamesimama kukata njia, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na jembe lake. Hakuna aliyekuwa analima.

Hapa lazima nikiri kosa langu. Wiki mbili kabla nilikuwa nimemwandikia mkuu wa kilima, ambacho kwa Burundi ni kama kijiji, kwa Kirundi changu cha kambini, nikitaka barua iwe nzuri. Niliandika kwamba binti wa Nyandwi, yaani mimi, anakuja kupima bonde na kumrudisha mwenyewe. Nilimaanisha kina cha maji, na ndege. Sasa fikirini: kilima ambacho nusu ya watu walikimbia na kurudi, nusu nyingine walikaa wakalima mashamba ya waliokimbia, na kila familia ina kesi au inaogopa kuwa nayo. Barua inasomwa mbele ya kanisa: binti wa mkimbizi anakuja kupima, na anamleta mwenyewe, yaani mwenye ardhi.

Mzee mmoja alitoka mbele, na mfuko wa plastiki kifuani. Nikajua, bila kuambiwa, ni yule Sabini ambaye jina lake lilitufikia hata kambini. Ndiye anayeishi kwenye shamba la baba yangu. Aliubana mfuko hata karatasi ndani yake zikasikika.

"Mi nimelima hapa tangu mabinti zangu wadogo," alisema. "Nimezika watoto wawili hapa. Nina karatasi."

"Amahoro, mzee," nikasema, nikimtakia amani.

Mwanamke mmoja alipaza sauti kwa Kiswahili safi cha Tanzania, nikashtuka kama niliyeitwa na mtu wa nyumbani. Jina lake Goreti. Baadaye nilijua naye alikulia Ngara, kambi ya jirani na yetu. "Dada, usituzungushe," alisema. "Barua imesema unakuja na mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

Majembe yakasogea kidogo. Naapa yalisogea.

"Yuko kwenye tenga," nikasema.

Mzee Idi, ambaye hakuwa ameelewa nusu ya mambo, aliona watu wanalitazama tenga lake. Akafanya alichofanya Muyinga: akalitua, akafunua kitambaa. Bi Harusi akainua kichwa, akautazama umati, akatoa ule mlio wake wa tarumbeta, mara mbili.

Kutoka bondeni, mbali, mlio mwingine ukajibu.

"Huyu?" Goreti aliuliza. "Umusambi? Huyu ndiye mwenyewe?"

"Ndiye mwenyewe wa bonde. Sikuandika vizuri. Naomba mnisamehe."

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, kisha mwingine, na majembe yakashuka chini yakawa ya kuegemea. Lakini mimi nilikuwa namtazama Sabini. Alikaa chini palepale njiani, mfuko wake mapajani. Nikakaa mbele yake.

"Basi hukuja kwa shamba?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Nililitazama. Lilionekana kutoka pale: maharage yaliyopaliwa vizuri, mibuni michache, nyumba ya bati, nguo za watoto juu ya ua. Nilingoja moyo wangu udai. Miaka yote nilikuwa nimeuogopa wakati ule, kwa kuwa sikujua moyo utasema nini. Haukudai kitu. Nilimwambia ukweli: kwamba siwezi kumsemea kaka yangu, lakini kaka analima Kahama, ana wajukuu huko, wala hakunituma, na kwamba mimi mwenyewe, mbele ya watu hawa wote, sikuja kwa shamba na sitakuja kwa shamba.

Sabini alinishika mikono yote miwili. Kisha akauliza kama tumekula.

Tulikula kwake. Maharage, ndizi, na dagaa ambao najua walikuwa wamewekwa kwa ajili ya Jumapili. Goreti alikaa karibu yangu, naye hakuwa amemaliza. "Ndege hawa wanafukua mbegu," alisema. "Nyinyi wasomi hamlisemi hilo."

"Wanafukua," nikakubali. "Majuma mawili baada ya kupanda ni mabaya. Baada ya hapo wanakula wadudu."

Alikuwa amejiandaa kubishana. Kukubali kwangu kulimpokonya maneno. Akafikiri. Akasema ile kona ya mafunjo haifai kwa mpunga hata hivyo, inazama, na kama ni lazima kuwe na mwizi bondeni, yeye angependa kumjua kwa sura. Akaandika namba yangu kwenye kiganja chake.

Bondeni

Hakuruka. Tulimwachia kabla ya adhuhuri, akatembea hatua kumi, akarudi kwa Mzee Idi. Siku ya pili vilevile. Tulilala kwa Sabini, kila asubuhi tukashuka kwenye umande, na nusu ya kilima ikatufuata kuona. Nilianza kuogopa kwamba nimemtoa ndege uani kwake aje afe kwa ujinga wangu.

Asubuhi ya tatu makorongo wanne walipita chini, juu ya mafunjo. Bi Harusi alinyoosha shingo. Alikimbia, akakimbia vibaya, kama mama aliyevaa viatu vya kuazima, akapiga mabawa, na miguu ikaacha maji. Aliinuka kadiri ya paa la nyumba, akayumba, nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa ameshatua upande wa pili, kati ya mafunjo, na taji lake likawa linaonekana hapa na pale.

Maisha yangu yote ya kazi nimeandika jinsi ndege hawa wanavyopungua. Nimepandishwa cheo kwa kuandika hivyo. Hiyo ilikuwa asubuhi ya kwanza niliyomwona mmoja akienda upande mwingine, na sikuweza hata kushika kalamu.

Mzee Idi alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, akasimama mahali ndege alipokuwa amesimama. Tukamwacha. Alipotoka aliniambia tu kwamba maji ni ya baridi lakini ni safi.

Gitega tena

Kurudi kulikuwa rahisi mno kusimuliwa: gari lilikuwa na mafuta, barabara ilikuwa kavu, mzee alilala njia nzima akikoroma, kama nilivyoonywa. Kisha zikaja wiki tatu za kungoja. Kila simu ya namba ngeni nilidhani ni habari ya mbwa, au mtego, au chungu cha mtu.

Leo asubuhi nilikuwa napiga mswaki simu ilipolia. Ilikuwa sauti kali, bila salamu.

"Dada, mimi Goreti. Njoo uwaone ndege wako. Wako kwenye karanga zangu tangu jua litoke, nawafukuza wanarudi, nawafukuza wanarudi. Wote watano."

"Wangapi?"

"Watano. Yule wako ndiye mbaya zaidi, haogopi hata jembe."

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Deo akanitazama, akauliza kama kuna msiba. Nilitikisa kichwa.

"Pole sana, dada," nikamwambia Goreti, na nilimaanisha. "Hebu nihesabie tena."

"Nimekwisha kukwambia," akasema, na nikamsikia akihesabu kwa sauti, polepole, mmoja mmoja, mpaka watano.